Kupanda Rungwe: Kileleni ni Nusu ya Safari



Sisi tunaoishi Kiwira tunauona Mlima Rungwe kila siku, mpaka tumeuzoea kama ukuta wa nyumba. Jua huchomoza nyuma yake. Mama akitaka kuanika maharage, kwanza hutazama kama mlima umejifunika wingu. Watu hutoka Mbeya mjini, Dar es Salaam na hata nchi za mbali kuja kuupanda, lakini wengi wetu tuliozaliwa chini yake hatujawahi kufika kileleni. Kila likizo inapokaribia, waseminari na vijana wa parokia hutuuliza maswali yale yale: Njia inaanzia wapi? Inachukua saa ngapi? Tubebe nini? Kuna wanyama wakali?

Makala hii inajaribu kujibu maswali hayo. Inajibu pia swali ambalo watu hawaulizi, na ambalo sisi tulijifunza kwa taabu: mtakuwa mmerudi chini saa ngapi?

Mlima wenyewe

Rungwe ni mlima wa volkano wenye kimo cha mita 2,960 hivi kutoka usawa wa bahari. Ni karibu nusu ya Kilimanjaro, wenye mita 5,895, lakini ni miongoni mwa vilele virefu kabisa vya Nyanda za Juu Kusini. Umesimama mahali ambapo matawi ya Bonde la Ufa yanakutana. Tawi moja linashuka kusini kwenye Ziwa Nyasa, jingine linaelekea kaskazini-magharibi kwenye Ziwa Rukwa, na la tatu linaelekea kaskazini-mashariki, kwenye tambarare za Usangu. Ardhi inapopasuka hivyo, moto wa chini hupata pa kutokea. Ndiyo maana tuna volkano kadhaa jirani: Ngozi na ziwa lake upande wa kaskazini, Rungwe yenyewe, na Kyejo upande wa kusini-mashariki.

Yapata miaka 4,000 iliyopita Rungwe ililipuka kwa nguvu kubwa na kumwaga majivu na mawe mepesi juu ya nchi yote hii. Ushahidi hauko mbali. Tazama kuta za barabara zilizochongwa, au shimo jipya la choo: utaona tabaka la vijiwe vyenye vitundu, vyepesi kiasi kwamba ukivitupa kwenye ndoo ya maji vinaelea. Kyejo ndiyo iliyomwaga lava karibuni zaidi, yapata miaka 200 tu iliyopita. Na lile Daraja la Mungu ambalo wengi wetu tumepiga picha juu yake, hapo kwenye Mto Kiwira, ni upinde wa jiwe la lava ambao maji yameutoboa kwa chini. Ndizi, viazi, chai na maparachichi yetu yanastawi kwenye udongo uliotokana na moto huo.

Juu ya mashamba kuna msitu. Tangu mwaka 2009 msitu huo ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Mlima Rungwe, na unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Mito na vijito vingi tunavyovitegemea vinaanzia huko. Mto Kiwira wenyewe hukusanya maji ya miteremko ya Rungwe na ya milima ya Uporoto kabla ya kuteremka Kyela na kuingia Ziwa Nyasa.

Katika msitu huo anaishi kipunji. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimjua tangu zamani: kima wa kahawia mwenye manyoya marefu, nywele zilizosimama utosini na mkia wenye ncha nyeupe. Mwaka 2003 watafiti waliosikia habari zake kutoka kwa wanakijiji walimtafuta na kumwona hapa Rungwe. Mwaka 2005 alitangazwa kwa ulimwengu kuwa spishi mpya, na mwaka 2006 wataalamu walikubali kwamba hafanani vya kutosha na kima wengine, wakampa jenasi yake peke yake, Rungwecebus, jina lililotokana na mlima wetu. Ilikuwa zaidi ya miaka 80 tangu Afrika ipate jenasi mpya ya kima. Mnyama huyo yuko hatarini kutoweka, na nje ya milima yetu na ya Kitulo anapatikana mahali pamoja tu, kwenye milima ya Udzungwa. Ukisikia juu ya miti mlio mzito, nusu kubweka na nusu kama honi, simama kimya. Huenda ndiye.

Ruhusa na mahali pa kuanzia

Huwezi kuamka asubuhi ukaingia msituni kama unavyoingia shambani kwako. Hifadhi ina taratibu zake: kikundi huomba ruhusa kwa wahifadhi mapema, hulipa ada inayotakiwa na hupewa mwongozaji. Tusilione hili kuwa usumbufu. Mwongozaji anajua kijia kipi kinafika kileleni na kipi kilichongwa na wakata kuni au wanyama na kinakufa katikati ya mianzi.

Njia moja inayojulikana huanzia upande wa Shule ya Sekondari Rungwe, eneo ambako Wamoraviani walijenga misheni yao mwaka 1891. Wengine huanzia upande wa kaskazini, kwa kupitia Isongole. Upande wowote utakaochagua, mwanzo ni mashamba ya viazi, mahindi na maharage, kisha msitu mzito wenye miti iliyoota ndevu za kijivu, kisha mianzi, na mwisho nyasi na vichaka vifupi karibu na kilele. Miteremko ni mikali na udongo wake ukilowa huteleza kama sabuni.

Wakati mzuri ni kuanzia Juni hadi Oktoba. Wilaya yetu ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania. Kwingine hunyesha zaidi ya milimita 2,500 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya mvua hiyo huanguka kati ya Novemba na Mei. Katika miezi hiyo kijia hugeuka mfereji.

Kwa nini ukungu huja mchana

Wanaopanda kwa mara ya kwanza hushangaa. Asubuhi kilele kilikuwa cheupe, hakina hata wingu, na saa tano hawaoni hatua kumi mbele. Sababu yake ni rahisi. Jua likishapanda, hewa yenye unyevunyevu kutoka upande wa Ziwa Nyasa na mabondeni hupata joto na kupanda kufuata mteremko. Kadiri inavyopanda ndivyo inavyopoa, na hewa iliyopoa haiwezi kubeba mvuke wote iliokuja nao. Mvuke unageuka matone madogo, nayo ndiyo wingu. Anayeliona kutoka Kiwira huliita wingu, na aliye ndani yake huliita ukungu.

Hivyo hata katika kiangazi, asubuhi ni ya mpandaji na mchana ni wa mlima.

Baridi nayo ina hesabu yake. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6 hadi 7. Tukuyu mjini iko kwenye mita 1,600 hivi. Ikiwa pale kuna nyuzi 15, kileleni tegemea nyuzi 6 au 7, na upepo juu yake.

Hesabu ya saa

Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, alitoa kanuni ambayo bado inatumika: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5 za umbali, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Tuseme umeanzia kwenye mita 1,760. Una mita 1,200 za kupanda, yaani saa mbili nzima juu ya zile za umbali. Kanuni hiyo ni ya mtu mwenye nguvu, kwenye njia nzuri, asiyesimama kupumzika. Kwa kikundi chenye watu wa umri tofauti, kwenye matope na mianzi, hesabu hiyo izidishe mara mbili.

Kwa uzoefu wa wengi, Rungwe huhitaji saa 10 kwenda na kurudi. Sasa zipange kwenye siku. Mwezi Juni na Julai huku kwetu jua huchomoza karibu saa 1 asubuhi na kuzama saa 12:30 jioni, na giza halichelewi baada ya hapo. Msituni huingia mapema zaidi. Ukianza saa 12:30 asubuhi kunapopambazuka, ukapanda kwa saa 6, unafika saa 6:30 mchana. Ukianza kushuka saa 7, unatoka msituni saa 11 jioni, ukiwa na saa moja na nusu ya akiba.

Kwa hiyo kikundi chetu kina sheria moja: saa 7 mchana, popote tulipo, tunageuka. Sheria hiyo inasomwa chini, kabla ya safari, kila mtu akiwa na akili timamu. Mtu aliyebakiza nusu saa kufika kileleni si mtu wa kuulizwa kama tuendelee.

Siku tuliyogeukia njiani

Sheria hiyo hatukuwa nayo tangu mwanzo. Safari yetu ya kwanza ilikuwa ya mwezi Julai. Tulikuwa watu 16: waseminari, vijana wa parokia na akina mama wawili wa WAWATA. Gari tulilokodi lilichelewa, tukaanza kupanda saa 2:15 asubuhi badala ya alfajiri. Ili kufidia muda, vijana wanne walitangulia mbio. Wengine tulinung'unika chini chini kwamba akina mama wanatuchelewesha.

Saa tano ukungu ulishuka. Kwenye mianzi mzee aliyetuongoza alisimama akatuhesabu. Tulikuwa 12.

"Hao wengine wako wapi, wanangu?"

"Wametangulia, mzee."

"Nani aliwaambia wamtangulie anayejua njia?"

Hakuna aliyejibu. Mzee akapiga filimbi, akasubiri, akapiga tena. Zilipita karibu dakika 40 ndipo tulipowasikia wakijibu, sauti ikitoka upande ambao hatukuutegemea kabisa. Walikuwa wamefuata kijia cha wanyama kilichoishia kwenye korongo. Walirudi wamelowa mpaka kiunoni, wakijifanya wanacheka.

Tulipoanza tena ilikuwa karibu saa saba. Baada ya mwendo mfupi mzee alisema tunarudi. Mmoja wa wale wanne, ambaye leo yumo kati ya wanaoandika makala hii, alikasirika waziwazi. Alisema tumekuja kupanda, si kutalii mianzi. Mzee hakupandisha sauti.

"Mwanangu, mlima hauhami. Mwaka kesho utaukuta hapa hapa. Wewe je, tutakukuta?"

Tukageuka. Saa tisa mvua ilinyesha, mvua ya kiangazi ambayo hatukuitarajia. Yule kijana alikuwa na fulana ya pamba tu, iliyokwisha kulowa. Alianza kutetemeka, kisha kujikwaa mahali pasipo na kitu, kisha maneno yake yakawa mazito kama ya mlevi. Sisi tulidhani amechoka. Mama mmoja, kati ya wale wawili tuliowalalamikia, ndiye aliyeelewa. Alimvua ile fulana, akamkausha kwa khanga yake, akamvalisha sweta lake mwenyewe la akiba na kumpa chai ya moto yenye sukari nyingi kutoka kwenye chupa aliyoibeba tangu Kiwira.

"Kunywa, mwanangu. Usione haya. Kunywa."

Tulitoka msituni saa moja kasorobo jioni, gizani, watu 16 kwa tochi mbili.

Mwili unavyoshindwa

Kilichompata kijana yule ni mwili kupoa kupita kiasi. Hauhitaji theluji. Nguo iliyolowa, upepo na uchovu vinatosha hata kwenye nyuzi 8, kwa sababu maji huondoa joto la mwili haraka kuliko hewa kavu, na pamba ikilowa haikaushwi na joto la mwili. Dalili huja kwa mpangilio: kutetemeka, mikono kushindwa kufunga kamba ya kiatu, kujikwaa, kusema ovyo. Mtu aliyekuwa akitetemeka akiacha kutetemeka bila kupashwa joto, hajapona. Amezidiwa. Mwondoeni nguo mbichi, mvalisheni kavu, mfunikeni kichwa, mpeni kinywaji chenye moto na sukari kama anaweza kumeza, na mshukeni naye. Pombe haimsaidii, humpoteza.

Tatizo la pili ni hewa. Kwenye kimo cha kilele cha Rungwe mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 70 ya ule wa pwani, hivyo kila pumzi inaleta oksijeni kidogo zaidi. Sisi wa Kiwira tumezoea milima, lakini mgeni aliyetoka Dar es Salaam jana, au ndugu yetu wa Kyela, anaweza kuumwa kichwa na kusikia kichefuchefu. Apande taratibu na anywe maji. Dalili zikizidi, dawa ni kushuka.

Tatizo la tatu ni miguu, nayo huchoka zaidi wakati wa kushuka. Unapopanda, msuli wa paja unajikunja ili kukuinua. Unaposhuka, unanyooshwa huku ukizuia uzito wako wote usiporomoke, kama breki za lori kwenye mteremko. Msuli unaofanya kazi hiyo kwa saa nne huanza kutikisika, na hapo ndipo mtu anapoteleza. Kesho yake hawezi kupanda ngazi za kanisa.

Na wanyama wakali? Hakuna simba wala tembo wa kukutana nao Rungwe. Waogopeni siafu, na zaidi yao ukungu na baridi.

Cha kubeba

Orodha yetu siku hizi ni fupi, na hukaguliwa jana yake jioni, mfuko kwa mfuko:

- Viatu vyenye meno, vilivyokwisha kuvaliwa siku nyingi. Viatu vipya huleta malengelenge. Mabuti ya mvua ya shambani yanafaa kuliko raba laini.
- Sweta, kofia ya baridi na koti la mvua, hata kama anga ni jeupe.
- Fulana kavu ya akiba, iliyofungwa isiingie maji.
- Maji lita 2 hadi 3 kwa kila mtu.
- Chakula kisichohitaji moto: chapati, viazi vilivyochemshwa, mayai, ndizi, karanga.
- Chupa ya chai ya moto, angalau moja kwa kila watu wanne.
- Tochi kwa kila mtu. Simu si tochi, maana ikiisha chaji umepoteza mwanga na mawasiliano kwa pamoja.
- Filimbi. Sauti ya mtu huchoka, filimbi haichoki.
- Mfuko wa kurudishia takataka zote, hata maganda.

Moto hauwashwi. Nyasi za juu zikishika moto wakati wa kiangazi, huungua mpaka ukingo wa msitu, na msitu huo ndio unaotunywesha.

Kuhusu mwendo, yule anayekwenda taratibu kuliko wote hutembea wa pili, nyuma tu ya mwongozaji, na wote hufuata hatua zake. Mtu mwenye nguvu hukaa wa mwisho. Kila baada ya nusu saa tunahesabiana kwa sauti, moja hadi mwisho.

Kileleni

Mwaka uliofuata tulianza saa 12:30 kamili. Akina mama walikuwa mbele, na yule kijana alikuwa wa mwisho kwenye mstari, kwa ombi lake. Tulidanganywa mara tatu na vilele vya uongo, maana juu ya Rungwe kuna vilima na vichuguu vingi vya volkano, na kila kimoja ukikiona kwa chini unadhani ndicho. Tulifika saa sita kasoro dakika kumi.

Kutoka juu unaiona kasoko kubwa ya kale, bakuli lenye upana wa kilomita kadhaa, ambalo ukuta wake wa upande wa kusini-magharibi ulibomoka. Kusini-mashariki, ukijaliwa anga jeupe, Ziwa Nyasa linang'aa chini ya milima ya Livingstone. Kaskazini kuna Ngozi na Uporoto, mashariki uwanda wa Kitulo. Na chini, upande wa magharibi, kuna mabati yanayometameta kando ya barabara ya Mbeya. Mama mmoja alikaza macho, akasema, "Kumbe Kiwira ni ndogo hivi," kisha akaanza kuitafuta paa ya kanisa.

Tulikaa nusu saa. Tulisali, tukala, tukapiga picha. Wingu la kwanza lilipoanza kupanda kutoka bondeni, mzee alisimama akajifunga koti. Hakuna aliyeomba dakika tano zaidi.

Petro naye alipofika juu ya mlima pamoja na Bwana alipenda wabaki, akataka kujenga vibanda vitatu. Lakini walishuka, na chini walimkuta baba akiwangoja na mtoto wake mgonjwa. Wahenga wetu walisema kwa maneno machache: mpanda ngazi hushuka.

Tulishuka kwa saa nne na robo. Mashamba ya viazi tulipoyafikia jua bado lilikuwa juu. Tulihesabiana kwa mara ya mwisho kando ya barabara, tukiwa tumechakaa kwa matope. Tulianza 18, na tulikuwa 18.